Ulaya imeandika vya kutosha, sasa ifungue karakana

Septemba 12, 2025, mawaziri wanaosimamia elimu ya ufundi barani Ulaya walikubaliana juu ya tamko jipya mjini Herning, Denmark. Linataka mafunzo ya ufundi yavutie vijana wengi zaidi na yasimwache mtu nje. Wiki hiyohiyo, katika mji huohuo, vijana walikuwa wakishindana katika mashindano ya ufundi ya EuroSkills. Kabla ya Herning kulikuwa na tamko la Copenhagen mwaka 2002, na baada ya hapo Maastricht 2004, Helsinki 2006, Bordeaux 2008, Bruges 2010, Riga 2015 na Osnabrück 2020. Ni zaidi ya miaka 20 ya kukaa mezani.

Msimamo wetu ni huu. Ushirikiano huo umefanya jambo la kheri ambalo nchi nyingi duniani hazijaliweza: umempa fundi wa kawaida karatasi inayosomeka nje ya nchi yake. Lakini umekwama pale kazi ilipo ngumu zaidi, yaani kwa mwajiri anayetakiwa kumpokea kijana, kumfundisha na kumlipa huku akimfundisha. Huko ndiko nguvu na fedha zinakopaswa kwenda sasa, na Afrika Mashariki, ambayo inaanza kujifunza kutoka Ulaya katika jambo hili, inapaswa kuliangalia kwa makini kabla ya kunakili chochote.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mkataba wa Roma wa 1957, katika ibara ya 128, ulilitaka Baraza la Mawaziri liweke kanuni za jumla za sera ya pamoja ya mafunzo ya ufundi. Aprili 1963 kanuni 10 zikapitishwa, kisha zikalala. Kila serikali ilikuwa na vyuo vyake, mitihani yake, mazoea yake na vyama vyake vya waajiri na wafanyakazi, na hakuna aliyekuwa tayari kuambiwa na Brussels namna ya kumfundisha fundi bomba. Mwaka 1975 kikaanzishwa kituo cha utafiti cha Cedefop huko Berlin Magharibi, ambacho baadaye, mwaka 1995, kilihamia Thessaloniki, Ugiriki. Kituo hicho kilikusanya takwimu na kuwakutanisha serikali, waajiri na wafanyakazi. Hakikuwa na amri juu ya yeyote.

Aliyezitikisa kanuni zile ni mwanafunzi mmoja. Binti wa Kifaransa alikwenda Liège, Ubelgiji, kusomea uchoraji wa hadithi za katuni. Akadaiwa ada ambayo wenzake wa Kibelgiji hawakutozwa. Akakataa kulipa. Suala likafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Februari 13, 1985, katika kesi inayojulikana kwa jina la Gravier, majaji wakatamka kwamba elimu yoyote inayomwandaa mtu kwa kazi au fani mahususi ni mafunzo ya ufundi, hata awe na umri gani na hata masomo yawe ya ngazi gani. Wakasema pia kwamba kumtoza raia wa nchi nyingine mwanachama ada ambayo mwenyeji halipi ni ubaguzi unaokatazwa na mkataba. Kanuni za 1963 zilitajwa katika hukumu ile. Zilipata uhai siku mtu mwenye haki ya kudai alipozidai.

Serikali ziliona mahakama inakwenda mbali, zikaweka mpaka. Mkataba wa Maastricht wa 1992 ulisema Umoja wa Ulaya utaunga mkono na kukamilisha kazi ya nchi wanachama katika mafunzo ya ufundi, lakini hautalazimisha sheria zao zifanane. Mpaka huo uko hadi leo, katika ibara ya 166 ya mkataba unaoongoza kazi za Umoja. Kwa hiyo karibu kila kitu kilichofanyika tangu Copenhagen kimefanyika kwa hiari. Wapo wanaolalamika kwamba hiari ndiyo iliyochelewesha mambo. Hatukubaliani nao. Fundi hufundishwa kwa desturi za mahali, kwa lugha ya mahali, na kwa maelewano kati ya waajiri na wafanyakazi ambayo yamejengwa kwa vizazi. Sheria moja kutoka Brussels ingevunja mifumo inayofanya kazi bila kuitengeneza iliyokwama.

Hiari hiyo ilizaa matunda. Novemba 2002 nchi 31 ziliafikiana Copenhagen. Miaka miwili baadaye ikaja Europass, na mwaka 2008 mfumo wa Ulaya wa kulinganisha sifa za elimu wenye ngazi 8. Tuangalie kwa karibu kitu kimoja tu katika hivyo, kwa sababu uzuri wa kazi hii uko katika mambo madogo. Fundi bomba amehitimu Slovenia na anatafuta kazi Austria. Cheti chake kimeandikwa Kislovenia. Mwajiri wa Graz hawezi kukisoma, na hata angetafsiriwa neno kwa neno asingejua kijana huyu anaweza kufanya nini. Kiambatisho cha Europass kinajibu hilo: jina la cheti katika lugha ya asili, tafsiri yake, orodha ya ujuzi ambao mwenye cheti anao, kazi anazoweza kufanya, mamlaka iliyokitoa, ngazi yake, namna ya kupasi na njia za kukipata. Kiambatisho hakina nguvu ya kisheria, na kinasema hivyo chenyewe. Lakini kinamwezesha mwajiri kuzungumza na mtu anayemwelewa.

Zile ngazi 8 nazo zilileta jambo ambalo sisi tunalihesabu kuwa kubwa kuliko yote. Ujerumani ilipopanga vyeti vyake katika mfumo huo mwaka 2013, cheti cha fundi mkuu, yule wanayemwita Meister, kiliwekwa ngazi ya 6. Hiyo ndiyo ngazi ya shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Seremala aliyemaliza uanagenzi, akafanya kazi, akarudi kusoma na kufaulu mtihani wa fundi mkuu, leo anasimama katika ngazi moja na mhitimu wa chuo kikuu, kwa maandishi. Mzazi anayemkataza mwanawe kwenda chuo cha ufundi kwa kuogopa aibu hana tena hoja ya karatasi.

Si kila chombo kilifaa. Mwaka 2009 nchi za Ulaya zilipitisha mfumo wa kuhesabu mafunzo ya ufundi kwa alama, ECVET, ili kijana aliyejifunza sehemu ya fani Ufini aweze kuendelea na sehemu iliyobaki Ureno. Ulionekana mzuri kwenye maelezo. Vyuo vingi havikuziona alama hizo kuwa na kazi, na waajiri hawakuziulizia. Novemba 24, 2020, Baraza la Umoja wa Ulaya lilipotoa pendekezo jipya kuhusu mafunzo ya ufundi, mfumo wa alama ukafutwa. Tunawapongeza kwa kuufuta, maana serikali nyingi huendelea kulisha mfumo uliokufa kwa miaka. Ila somo lake ni zito: miaka 11 ya semina, miongozo na wataalamu ilitumika kwenye jambo ambalo mwenye karakana hakuliomba.

Tena vijana waambiwe ukweli wote kuhusu karatasi zao. Chini ya agizo la mwaka 2005 kuhusu sifa za kitaaluma, zipo kazi 7 tu ambazo sifa zake hutambuliwa moja kwa moja kutoka nchi moja ya Umoja hadi nyingine kwa misingi ya mafunzo: daktari, muuguzi, daktari wa meno, mkunga, daktari wa mifugo, mfamasia na msanifu majengo. Fundi umeme hayumo. Nchini Ujerumani huwezi kufungua biashara ya ufundi umeme bila sifa ya fundi mkuu au kibali maalumu, na mwaka 2020 sharti la fundi mkuu lilirudishwa katika fani 12 ambazo lilikuwa limeondolewa, ikiwamo ya kupachika vigae. Wajerumani wana sababu zao, na ubora ni mojawapo. Lakini tamko linalosema fundi yuko huru kwenda popote, bila kumwambia atakachokutana nacho mlangoni, halimtendei haki.

Sasa tuje kwenye karakana.

Mfumo wa Ujerumani unasifiwa kila mahali, kwa hiyo inafaa kujua unafanyaje kazi. Mwanagenzi huingia mkataba wa maandishi na kampuni, na mkataba huo huandikishwa kwenye chemba ya biashara au ya ufundi ya eneo hilo. Siku moja au mbili kwa wiki yuko chuoni, zilizobaki yuko kazini. Hulipwa posho inayopanda kila mwaka wa mafunzo. Ana daftari ambalo lazima aandike humo alichofanya na alichojifunza, na mkufunzi wake kazini hulisaini. Asipokuwa na daftari hilo haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Mtihani wenyewe husimamiwa na chemba, na kwenye jopo la watahini wanakaa wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi kwa idadi sawa, pamoja na mwalimu wa chuo. Mengi ya haya yamo katika sheria ya mafunzo ya ufundi iliyoanza mwaka 1969. Hakuna hata moja linalosimama peke yake. Ondoa chemba, na hakuna wa kukagua. Ondoa chama cha wafanyakazi, na posho inageuka hisani ya bosi.

Ndiyo maana jaribio la kuusafirisha mfumo huo lilikuwa gumu. Mwaka 2013 zaidi ya nusu ya vijana waliokuwa wakitafuta kazi Hispania na Ugiriki hawakuipata, wakati Ujerumani kiwango hicho kilikuwa chini ya asilimia 8. Desemba 2012, mjini Berlin, Ujerumani ilisaini makubaliano na Hispania, Ugiriki, Ureno, Italia, Slovakia na Latvia kuzisaidia kujenga uanagenzi wa namna yake. Julai 2013, Leipzig, Tume ya Ulaya ikazindua muungano wa kuhamasisha uanagenzi. Hispania ilikuwa imeshatoa amri yake Novemba 2012, lakini ilichukua hadi mwaka 2022 kupata sheria kamili inayotaka mafunzo yote ya ufundi yawe na sehemu ya kazini. Miaka 10, kwa nchi yenye serikali imara na fedha za Umoja. Uchumi uliojaa biashara ndogondogo, zisizo na mkufunzi wala nafasi ya mtu wa ziada, haubadilishwi na makubaliano ya Berlin.

Hata kwao Wajerumani mambo hayako shwari. Ni kampuni moja hivi kati ya tano inayofundisha wanagenzi. Mwaka 2023 nafasi zaidi ya 70,000 za uanagenzi zilibaki wazi, huku maelfu ya vijana wakiendelea kutafuta. Nafasi iko Bavaria, kijana yuko kaskazini na hana uwezo wa kupanga chumba. Au mwajiri anataka kijana wa hesabu nzuri, na aliyekuja amemaliza shule kwa shida.

Umoja wa Ulaya unajua haya. Machi 2018 uliweka vigezo 14 vya uanagenzi bora: mkataba wa maandishi, angalau nusu ya muda iwe mahali pa kazi, mwanagenzi alipwe au afidiwe, awe na ulinzi wa jamii na usalama kazini. Ni vigezo vizuri, tungevitia saini sote. Shida ni kwamba ni pendekezo, na hakuna kijana anayeweza kwenda mahakamani akiwa nalo mkononi kama alivyofanya yule mchoraji wa Liège.

Pendekezo la 2020 nalo liliweka malengo ya kufikiwa 2025: asilimia 82 ya wahitimu wa karibuni wa ufundi wawe na kazi, asilimia 60 wawe wamepitia mafunzo mahali pa kazi, na asilimia 8 ya wanafunzi wapate nafasi ya kujifunza nchi nyingine. Lengo la asilimia 60 lilifikiwa mapema, kwa wastani. Lakini kipimo hicho kinamhesabu hata aliyekaa kazini mwezi mmoja, sawasawa na mwanagenzi wa miaka mitatu na nusu. Na wastani unaificha Romania, ambako wanaopata mafunzo hayo ni wachache mno. Tunaomba kipimo kibadilishwe. Mwezi mmoja wa kufagia karakana na kuchemsha kahawa usiitwe mafunzo kazini.

Kuhusu safari za vijana tutasema kidogo, kwa kuwa hapo kazi inakwenda vizuri. Mpango wa Leonardo da Vinci ulianza 1995, na leo umo ndani ya Erasmus+ yenye bajeti ya zaidi ya euro bilioni 26 kwa miaka 2021 hadi 2027, ingawa sehemu kubwa si ya ufundi. Lengo jipya ni asilimia 12 ya wanafunzi wa ufundi ifikapo 2030. Liendelee.

Jibu la swali gumu, la nani alipe karakanani, lipo palepale Denmark walipokutania mawaziri. Tangu miaka ya 1970 waajiri wote wa Denmark, wa umma na wa binafsi, huchangia mfuko mmoja. Mwajiri aliyempokea mwanagenzi hurudishiwa kutoka mfukoni mshahara anaomlipa siku ambazo kijana yuko chuoni. Asiyefundisha yeyote anachangia na harudishiwi. Kwa hiyo kampuni inayosubiri wengine wafundishe ili iwachukue mafundi walioiva inalipia sehemu ya mafunzo hayo. Austria nayo humrudishia mwajiri posho ya miezi mitatu ya mwanagenzi katika mwaka wa kwanza, miwili katika mwaka wa pili, na mmoja kila mwaka baada ya hapo. Hizi ndizo hesabu ambazo mwenye karakana anazielewa. Tungependa tamko litakalofuata Herning liandikwe kwa hesabu za aina hii: kila nchi itaje nafasi ngapi za uanagenzi zitakuwapo, nani atazilipia, na mfuko gani utamrudishia mwajiri.

Haya yanatuhusu moja kwa moja. Wakala wa Umoja wa Ulaya ulioko Turin, Italia, unaosaidia nchi za nje kuhusu mafunzo, ETF, ndio unaofanya kazi na Umoja wa Afrika kujenga mfumo wa bara zima wa kulinganisha sifa za elimu. Na Septemba 13, 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilisaini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi wenye ujuzi. Vijana wa Nairobi, Kisumu na Mombasa wako madarasani wakijifunza Kijerumani kwa ajili ya nafasi hizo. Kijana mwenye cheti cha ufundi cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya, ana haki ya kujua, kabla familia haijauza kiwanja, cheti hicho kitahesabiwaje Ujerumani na ni nini anatakiwa kuongeza. Serikali zote mbili zimjibu akiwa bado Kenya.

Nyumbani pia tuna deni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na ibara yake ya 11 inazitaka nchi zitambuliane sifa za elimu na taaluma. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wana makubaliano yao. Mchomeleaji wa Gerezani, Dar es Salaam, na fundi magari wa Gikomba, Nairobi, hawana. Tanzania inatambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa kupitia VETA, mamlaka yake ya mafunzo ya ufundi stadi, na Kenya imeanzisha utaratibu wake. Cheti kinachotoka humo kinapaswa kusomeka upande wa pili wa mpaka wa Namanga. Kiambatisho cha ukurasa mmoja au miwili, kwa Kiswahili na Kiingereza, kinachosema huyu fundi anajua kufanya nini, hakihitaji mfadhili.

Na tusianze na alama wala ngazi. Waajiri wa Tanzania tayari wanatozwa ada ya kuendeleza ujuzi ya asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa. Tunaiomba serikali ifanye kama Denmark: mwajiri anayechukua wanagenzi kwa mkataba ulioandikishwa, akawalipa na kuwafikisha kwenye mtihani, arudishiwe sehemu ya fedha hizo. Bunge lina bajeti ya kila mwaka ya kulifanya hilo, na lianze na ijayo.